Weka Alama Shingoni Kabla ya Dawa: Altrasaundi ya Mkononi na Njia ya Hewa

Kwa mgonjwa anayehitaji mpira wa hewa kwa dharura, yaani bomba la kupumulia linalopitishwa mdomoni, altrasaundi ya mkononi haina kazi kumi. Ina kazi mbili kubwa na nyingine chache za kusaidia. Ya kwanza ni kuonyesha mahali pa kukata shingoni iwapo mpira utagoma kupita mdomoni. Ya pili ni kuonyesha mpira umeingia wapi: kwenye trakea (bomba la hewa) au kwenye umio (njia ya chakula). Sisi tunaoitumia kwenye vitengo vya dharura, ambako daktari wa usingizi huenda yuko nyumbani na mashine kubwa imefungiwa chumba cha radiolojia, tumejifunza kwamba thamani yake inategemea mpangilio wa kazi. Shingo hupimwa na kuwekewa alama kabla dawa ya usingizi na ya kulegeza misuli haijaingia mshipani. Ikishaingia na misuli ikalegea, muda si wenu tena.

Wengi huuliza kwa nini tusitumie kidole tu. Kidole kinatosha kwa kijana mwembamba ambaye kikoromeo chake kinaonekana ukiwa mlangoni. Wagonjwa wanaotusumbua si hao. Ni mama mjamzito mwenye kifafa cha mimba aliyevimba uso na shingo, mtu mnene mwenye shingo fupi, mwenye rovu, aliyeungua moto kifuani hadi kidevuni, au aliyepigwa shingoni na damu ikajaa chini ya ngozi. Utando tunaoutafuta, ule ulio kati ya gegedu la thairoidi (lile la kikoromeo) na gegedu la krikoidi (pete iliyo chini yake), kwa mtu mzima una urefu wa takribani sentimita 1, na kwa wanawake wengi haufiki hapo. Tafiti za wajawazito wanene zimeonyesha kwamba hata madaktari wa usingizi wenye uzoefu huukosa kwa kupapasa mara nyingi kuliko wanavyoupata. Ukikosea kwa milimita 10 kwenda juu, umegonga gegedu la thairoidi, karibu na nyuzi za sauti. Ukikosea kwenda chini, unaweza kuangukia tezi la shingo, nalo hutoa damu nyingi.

Maandalizi ya mashine ni mafupi. Tumia probu (kichwa cha mashine kinachogusa ngozi) nyoofu ya mawimbi ya kasi, kati ya 7 na 12 MHz. Kama una kifaa cha probu moja kinachochomekwa kwenye simu, chagua mpangilio wa tezi la shingo au wa viungo vilivyo karibu na ngozi. Weka kina cha sentimita 3 hadi 4. Wanaoanza huacha kina cha sentimita 10 au zaidi kilichobaki baada ya kupima tumbo. Trakea inakuwa kitone juu ya skrini, nao wanasema shingo haionekani. Punguza mwanga wa picha kidogo, maana hewa hung'aa sana na kufunika mengine.

Mlaze mgonjwa chali. Kama hakuna hofu ya kuvunjika shingo, kunja shuka uiweke chini ya mabega ili kidevu kiinuke na ngozi ya shingo ivutike. Simama upande wake wa kulia. Paka jeli, kisha weka probu kukatiza shingo, juu kidogo ya kishimo kilicho juu ya mfupa wa kidari. Trakea inaonekana kama herufi U iliyopinduliwa: upinde mweusi wa gegedu, na chini yake mstari mweupe unaong'aa pale ukuta unapokutana na hewa. Chini ya mstari huo kuna vivuli na mistari inayojirudia tu, kwa sababu mawimbi hayapiti hewani. Usiyatafute mambo huko. Hakuna picha ya kweli chini ya hewa.

Sasa telezesha probu kuelekea kulia kwa mgonjwa hadi ncha yake moja tu ibaki juu ya katikati ya trakea. Shikilia ncha hiyo hapo hapo, uzungushe ile nyingine kwa nyuzi 90 hadi probu ilale kufuata urefu wa shingo. Ukifanya vizuri utaona shanga nyeusi zilizopangwa juu ya uzi mweupe. Kila ushanga ni pete moja ya trakea. Panda taratibu kuelekea kidevuni. Ushanga mmoja utakuwa mkubwa kuliko wenzake, mrefu kidogo, umesogea karibu zaidi na ngozi. Hilo ndilo gegedu la krikoidi. Juu yake uzi mweupe unaendelea ukiwa mtupu, bila ushanga, kisha unakuja ukingo wa gegedu la thairoidi. Kipande hicho kitupu ndicho utando wetu.

Chukua sindano ndefu butu, au klipu ya karatasi iliyonyooshwa, ilaze kukatiza kati ya probu na ngozi, uisogeze kutoka upande wa kidevu. Kivuli chake kinashuka kwenye skrini kama mstari mweusi. Kikifika kwenye uzi mtupu, upande wa kidevu wa ushanga mkubwa, simama. Ondoa probu, acha sindano mahali pake, weka alama. Njia hii ya shanga, pamoja na ile ya kukatiza nitakayoieleza, zimeenezwa sana na daktari wa usingizi Michael Seltz Kristensen wa Rigshospitalet, Copenhagen, na ndizo tunazofundishia.

Njia ya pili inafaa shingo fupi mno, ambayo probu haina nafasi ya kulala kwa urefu. Unabaki umekatiza. Anza juu, kwenye gegedu la thairoidi, linaloonekana kama pembetatu au paa la nyumba. Shuka kidogo: paa linatoweka, unatokea mstari mweupe mrefu wenye mistari mingine inayojirudia chini yake. Hapo ni utando. Shuka tena kidogo uone krikoidi, upinde mweusi mnene, ili uwe na hakika hukupitiliza. Kisha rudi juu kwenye mstari mweupe na uweke alama katikati ya probu. Usiruke hatua ya kwenda kuiona krikoidi na kurudi. Wanaoiruka huweka alama juu ya nafasi kati ya pete mbili za trakea wakiamini ni utando, kwa kuwa nayo huonyesha mstari mweupe.

Kuhusu alama yenyewe, hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Kalamu haiandiki juu ya jeli. Chora mistari miwili mifupi ya kulala, mmoja kila upande wa probu, kwenye ngozi kavu. Futa jeli, kisha iunganishe kupitia katikati. Ongeza mstari wa kusimama unaofuata katikati ya trakea. Makutano yake ndipo mahali. Kama hakuna kalamu ya ngozi, bonyeza ncha ya mrija wa soda au kifuniko cha sindano kwa sekunde chache. Kinaacha duara linaloonekana kwa muda, lakini halidumu, kwa hiyo tafuta kalamu. Na jambo linalosahaulika kuliko yote: ngozi huteleza juu ya gegedu. Alama uliyoweka shingo ikiwa imenyooshwa haitakuwa juu ya utando shingo ikikunjwa. Ikiwa mtamwinua mgonjwa kichwa ili apate oksijeni vizuri kisha ikabidi kukata, mrudisheni kwanza kwenye mkao ule ule wa kuweka alama.

Kabla ya kuondoa probu, washa rangi ya mtiririko wa damu uangalie kama kuna mshipa unaokatiza juu ya utando. Ukiuona, mjulishe atakayeshika kisu. Ukibonyeza probu kwa nguvu mshipa unalala na hutauona. Mkono uwe mwepesi.

Kwa aliyezoea, yote haya hayazidi dakika moja, na yanafanyika mgonjwa akiwa anavuta oksijeni ya matayarisho, ile ambayo kwa kawaida humpa dakika 3. Kwa hiyo alama haipotezi muda wa mtu. Inapoteza muda pale timu inapokuwa na mtu mmoja anayetaka kufanya kila kitu. Tunagawana: mmoja barakoa na kichwa, mmoja dawa, mmoja sakshen (mashine ya kufyonza mate na matapishi) na mpira, mmoja probu, na mmoja macho yasitoke kwenye kipimo cha oksijeni kidoleni, atamke namba kwa sauti. Ikishuka hadi 93% jaribio la kupitisha mpira linasimama, barakoa inarudi. Mshika probu hana haki ya kuomba sekunde nyingine.

Mpira ukishapita, swali ni moja: umeingia wapi? Jibu la kwanza linabaki kuwa kapnografu, mashine inayopima kaboni dioksaidi kwenye pumzi. Grafu ya kaboni dioksaidi ikipanda na kushuka kwa kila pumzi, pumzi baada ya pumzi, mpira uko kwenye njia ya hewa. Grafu hiyo isipoonekana kabisa, chukulia kwamba mpira umeingia pasipo pake hadi uthibitishe vinginevyo, hata kama una hakika uliuona ukipita. Altrasaundi haichukui nafasi hiyo. Inakaa pembeni yake, na umuhimu wake unapanda pale kapnografu haipo, imeharibika, au moyo umesimama na grafu ni dhaifu kiasi cha kutia shaka. Kile kidude cha karatasi kinachowekwa kwenye mpira, ambacho hubadilika kutoka zambarau kuwa njano kikikutana na kaboni dioksaidi, nacho kinaweza kudanganya: asidi ya tumbo ikikilowesha kinageuka njano, na aliyekunywa soda muda mfupi uliopita hutoa kaboni dioksaidi tumboni kwa pumzi za mwanzo. Ndiyo maana tunahesabu angalau pumzi 6 kabla ya kukiamini.

Weka probu ile ile kukatiza, juu ya kishimo cha kidari, isogeze kidogo kushoto kwa mgonjwa. Umio kwa watu wengi uko kushoto, nyuma ya trakea, kama kiduara bapa chenye tabaka na kiini cheupe. Uutafute kabla ya mpira kuwekwa. Kama mgonjwa bado ana fahamu, mwambie ameze mate uone ukicheza. Mpira ukiingia trakea, picha inabaki na tundu moja tu la hewa, na huenda ukaona mtikisiko mfupi chini ya mstari mweupe wakati unapopita. Ukiingia umio, unatokea upinde wa pili mweupe wenye kivuli chake kando ya wa kwanza: trakea mbili pale palipokuwa na moja. Ukiona mbili, usisubiri pumzi ya kwanza. Toa mpira. Faida kubwa ni hiyo: unajua kabla hujajaza tumbo hewa.

Lakini ina mitego yake. Kwa baadhi ya watu umio umejificha moja kwa moja nyuma ya trakea, na mpira ulioingia humo hauonekani kwa sababu ya kivuli cha hewa. Usiposhuhudia umio mtupu, usiseme mpira uko sawa, sema hujui. Sogeza probu pembeni, ielekeze kwa mshazari, ubonyeze kidogo, mara nyingi umio unachungulia. Mpira wa kulishia uliokwisha kupitishwa puani nao hutoa kivuli kinachofanana na mpira wa hewa uliopotea. Tamka kwa sauti kama upo. Hewa iliyosambaa chini ya ngozi baada ya ajali ya kifua hufunika kila kitu kwa weupe, na hapo weka probu chini utegemee njia nyingine. Kola ya shingo inaziba nafasi. Mbele yake ifunguliwe huku mtu akishikilia kichwa kwa mikono miwili.

Mkiwa na shaka, anayeshika mpira autikise kidogo kulia na kushoto, kwa milimita chache tu, na anayepima aangalie mtikisiko uko tundu gani. Usiuvute wala kuusukuma.

Kisha mapafu. Weka probu kifuani kati ya mbavu, kwenye mstari wa katikati ya mtulinga na baadaye chini ya kwapa, pande zote mbili. Kati ya vivuli viwili vya mbavu kuna mstari mweupe wa utando wa pafu. Kila pumzi ya ambubegi (mfuko wa kusukuma hewa kwa mkono) unatakiwa uteleze, kama kitambaa cha hariri kinachosuguana na kingine. Ukiteleza pande zote, pafu zote mbili zinapata hewa. Ukiteleza kulia tu, na kushoto ukaona mstari umetulia lakini unadunda kwa mapigo ya moyo, mpira umezama kwenye bomba la pafu la kulia. Tazama namba ya sentimita iliyoandikwa kwenye mpira, pale unapopita kwenye meno: kwa kawaida sentimita 21 kwa mwanamke mzima na 23 kwa mwanaume. Toa hewa ya puto lililo karibu na ncha ya mpira, rudisha mpira nyuma sentimita 1, jaza puto, angalia tena. Kushoto kukikosa vyote, mtelezo na mdundo, fikiria hewa imevuja nje ya pafu, hasa kama shinikizo la damu linaporomoka na ambubegi imekuwa ngumu.

Katika nchi zetu kuna jambo la kuongezea. Mtu aliyewahi kuugua kifua kikuu anaweza kuwa na pafu lililogandamana na ukuta wa kifua. Mstari wake hautelezi, na mpira umekaa sawa kabisa. Ndiyo sababu tunapima mapafu kabla ya mpira pia, kwa sekunde chache, ili tujue lililokuwa halitelezi tangu mwanzo. Kipimo hicho cha awali kinatuonyesha vilevile kama kuna hewa iliyovuja, maana kusukuma hewa kwa shinikizo kwenye kifua cha namna hiyo kunaweza kumsimamisha moyo mgonjwa ndani ya dakika chache.

Moyo na tumbo tunavipitia haraka, kwa probu ya mviringo. Maji mengi kuzunguka moyo, au upande wa kulia wa moyo uliovimba, yanabadilisha dozi na kasi: dawa ya usingizi inapunguzwa, majimaji na adrenalini vinakuwa tayari kwenye bomba la sindano. Tumboni, chini ya kidari, kati ya ini na mshipa mkuu wa damu, unaweza kuona tumbo tupu kama shabaha ndogo, au limejaa maji, au limejaa chakula kinachoonekana kama kioo chenye ukungu. Mgonjwa wa dharura tunamhesabu ameshiba hata hivyo. Tunachopata ni uamuzi wa kupitisha mpira wa tumbo kwanza, kwa mfano kwa mwenye utumbo ulioziba, na kuwa na sakshen mbili badala ya moja.

Vifaa vinahitaji nidhamu isiyo ya kitabibu. Simu iwekwe hali ya ndege. Mtu akipiga katikati ya kazi, picha inapotea. Baadhi ya programu hudai intaneti kila baada ya muda ili zifunguke, kwa hiyo ifungue kila mwanzo wa zamu, si mgonjwa akiwa mlangoni. Probu za mkononi hupata joto, na kwenye joto la Pwani hujizima zenyewe. Usiiache ikipiga picha wakati hakuna anayeitazama. Jeli ikiisha, unga wa wanga wa mahindi sehemu 1 kwa maji sehemu 10, ukipashwa hadi uwe uji laini na kupoa, unatoa picha nzuri. Utengenezwe siku hiyo hiyo, utupwe jioni, na usipakwe kwenye kidonda. Probu ikienda kwenye damu, ivalishe glovu yenye jeli ndani na utoe mapovu kwa kidole. Spiriti kali hupasua mpira wa baadhi ya probu; soma maelekezo ya mtengenezaji.

Mazoezi ya shingo hayahitaji dharura. Mpapase mwenzako, weka alama kwa kidole, kisha pima kwa probu na uhesabu kwa rula umekosea milimita ngapi. Ukifanya hivyo kwa watu 20 wenye shingo tofauti, wanene na wembamba, wanawake kwa wanaume, mkono unazoea, na imani yako kwa kidole inapungua kwa kiasi kinachostahili. Anza na shingo rahisi. Anayejifunza kwenye shingo ngumu hujifunza kukata tamaa.

Ikibidi kukata, alama ndiyo inayowapa mikono utulivu. Kisu namba 10, buji (kijiti laini cha kuongoza mpira), na mpira namba 6.0 wenye puto viwe wazi kwenye trei tangu mwanzo. Choma kwa kulala kwenye alama, zungusha kisu ukali uelekee miguuni, kivute kidogo kuelekea kwako ili tundu libaki wazi, pitisha buji kandokando yake sentimita 10 hadi 15, telezesha mpira juu ya buji, jaza puto, angalia kapnografu, kisha mapafu. Kwa mtoto aliye chini ya miaka 8 njia hii ya kisu haifai. Utando wake ni mdogo mno. Na kama damu au uvimbe umehamisha kila kitu tangu alama ilipowekwa, kata kwa kusimama, katikati, sentimita 8 hadi 10, utafute trakea kwa vidole. Wakati huo probu imeshamaliza kazi yake.

Mpira ukikaa, msifute alama. Mgonjwa bado ana safari: kitanda hadi chumba cha wagonjwa mahututi, au gari la wagonjwa kwenda hospitali ya rufaa kwenye barabara yenye mashimo, na mpira unaweza kutoka kwenye safari hizo. Kwenye barua ya rufaa andikeni namba ya mpira, sentimita kwenye meno, pafu lipi lilikuwa halitelezi tangu mwanzo, na kwamba utando umewekewa alama shingo ikiwa imenyooshwa. Kisha mfunikeni mgonjwa kwa namna ambayo alama inaonekana.